Jinsi ya kung'arisha na kulinda rangi ya gari jeusi

Na Mwandishi Wetu

GARI jeusi likitoka kuoshwa hupendeza kuliko gari la rangi nyingine yoyote. Hata hivyo, ndilo linalochafuka upesi machoni mwa watu. Vumbi la nusu siku huonekana juu yake kama unga, na likiegeshwa juani, mistari midogo ya mviringo hujitokeza kwenye boneti mithili ya utando wa buibui.

Wapo wamiliki wa magari ya aina hiyo katika Jiji la Dar es Salaam wanaoamini kwamba rangi nyeusi ni dhaifu. Baadhi yao huyapeleka magari kupolishiwa mara kwa mara, na baada ya muda hujikuta wakilazimika kupaka upya boneti na paa, kazi ambayo gharama yake ni kubwa na ambayo humfanya mnunuzi wa baadaye ashuku kuwa gari lilipata ajali.

Ukweli ni kwamba rangi nyeusi, bluu iliyokoza au kijani cha chupa si dhaifu kuliko nyeupe au ya fedha. Kinachoziponza ni namna zinavyooshwa na polishi inayopigwa bila kipimo. Makala haya yanaeleza rangi hizo zimeundwaje, huharibika vipi na zinavyoweza kutunzwa kwa muda mrefu.

Tabaka za rangi

Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja. Juu ya bati kuna praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Mng'ao unaoonekana kwenye gari hutokana na klia hiyo, na ndiyo pia inayoikinga rangi dhidi ya mionzi ya jua. Utaratibu huu ulienea viwandani katika miaka ya 1980.

Kwa gari ambalo bado lina rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa takriban maikroni 100 hadi 150. Maikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Klia peke yake huwa na maikroni 35 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida wa binadamu, ambao hukaribia maikroni 70.

Hapa ndipo lilipo jambo la msingi ambalo kila mmiliki anapaswa kulifahamu. Polishi ya kusugua hufanya kazi kwa kuondoa sehemu ya klia, na kilichoondolewa hakirudi. Klia ni akiba inayotolewa tu, haiwekwi. Anayepolishi kila mwezi anaitumia akiba ya miaka mingi katika kipindi kifupi.

Kwa nini nyeusi huumbua

Rangi nyeusi humeza sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia, na mwanga unaorudi ni ule unaoakisiwa na uso laini wa klia kama kioo. Panapotokea mkwaruzo, kingo zake hutawanya mwanga na kuonekana kama mstari mweupe juu ya giza. Gari jeupe lina mikwaruzo ile ile, lakini mstari mweupe juu ya weupe haumsumbui mtu.

Duara zinazoonekana kuzunguka taswira ya jua kwenye boneti nazo hazichorwi na mkono unaozungusha kitambaa pekee, kama wengi wanavyodhani. Mikwaruzo huwa imeelekea kila upande. Ile tu iliyolala kwa kuzunguka taswira ya jua ndiyo inayomrudishia mtazamaji mwanga, na ndiyo maana duara hizo huhama kadiri mtu anavyosogea.

Joto ni tatizo la pili. Bati jeusi lililoachwa kwenye jua la mchana huwa la moto kiasi cha kutogusika. Maji yakimwagwa juu yake hukauka kabla ya kufutwa, na sabuni huacha michirizi.

Madhara huanzia kwenye kuosha

Sehemu kubwa ya mikwaruzo kwenye gari jeusi hutokana na kuosha na kufuta. Kosa la kwanza ni kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, jambo linalofanyika kila asubuhi nje ya ofisi na kwenye vituo vya teksi. Vumbi la mjini lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Kufuta vumbi kavu ni sawa na kupiga msasa laini.

Kosa la pili ni ndoo moja na sponji moja kutumika kwa gari baada ya gari. Sponji iliyosugua rimu na matope ya chini ya milango hurudi kwenye boneti ikiwa imebeba mchanga. Si haki kuwalaumu vijana wanaoosha magari peke yao. Anayelipwa kwa idadi ya magari, na ambaye maji anayanunua, hana sababu ya kumwaga ndoo mbili kwa gari moja. Mmiliki anayejali anaweza kwenda na vitambaa na shampuu yake mwenyewe na kulipia ndoo ya ziada.

Kosa la tatu ni sabuni ya unga ya kufulia. Sabuni hiyo imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, hivyo huondoa pia nta iliyopakwa kulinda rangi. Shampuu maalumu ya magari ni laini zaidi na huacha utelezi unaosaidia mchanga kutoka bila kukwaruza.

Utaratibu unaofaa ni huu. Gari liegeshwe kivulini na liachwe lipoe. Limwagiwe maji mengi kwanza, kuanzia paa kushuka chini, ili vumbi liondoke bila kuguswa. Ziandaliwe ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye gari. Magurudumu yawe na kitambaa chake. Kuosha kuanzie juu na kuishia chini, na mkono uende kwa mstari ulionyooka.

Baada ya kusuuza, gari likaushwe mara moja kwa taulo laini la maikrofaiba, kwa kulilaza na kulivuta polepole bila kukandamiza. Kitambaa chochote kikianguka chini kisirudishwe kwenye gari.

Maji ya kisima na kinyesi cha ndege

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hutumia maji ya visima, na katika maeneo yaliyo karibu na bahari maji hayo huwa na chumvi. Yakikaukia juu ya gari jeusi huacha alama nyeupe za mviringo. Alama mpya huondoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikapakwa kwa kitambaa kwa muda mfupi na kusuuzwa vizuri. Zikiachwa juani wiki kadhaa hula klia, na hapo siki haisaidii tena.

Adui mwingine ni kinyesi cha ndege, hasa kunguru wenye asili ya India ambao walifika Zanzibar katika miaka ya 1890 na sasa wametapakaa pwani nzima. Kinyesi kina asidi, lakini joto nalo lina mchango mkubwa. Klia hulainika na kutanuka juani, kisha ikipoa hujikunja na kuganda kwa kufuata umbo la kinyesi kilichokauka juu yake. Alama hiyo ndiyo inayobaki hata baada ya kuosha.

Dawa yake ni kuwahi. Kitambaa chenye maji kiwekwe juu ya kinyesi kwa dakika chache mpaka kilainike, kisha kiinuliwe bila kusugua. Utomvu wa miti unahitaji uharaka huo huo, hivyo kivuli cha mwembe si maegesho salama kama wengi wanavyodhani. Oili ya breki nayo ikidondokea rangi huimenya, na lazima isuuzwe papo hapo kwa maji mengi.

Polishi na nta si kitu kimoja

Madukani na mitaani neno polishi hutumika kwa kila kinachong'arisha gari, na mkanganyiko huo umewagharimu wengi. Polishi halisi ina chembe za kusugua na kazi yake ni kusawazisha uso wa klia ili mikwaruzo ipungue. Kompaundi ni ya aina hiyo hiyo, ila ni kali zaidi. Nta haina kazi ya kusugua. Hukaa juu ya klia kama ngao na kuongeza kina cha rangi.

Hivyo nta inaweza kupakwa mara nyingi bila madhara, ilhali polishi hupigwa pale tu inapohitajika. Kwa gari linalooshwa vizuri, mara moja kwa mwaka hutosha.

Kabla ya kupolishi

Yapo majaribio matatu mepesi. Kwanza, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina na kuufuata kwa polishi ni kuimaliza klia. Pili, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upapase boneti iliyooshwa. Ukihisi chenga, kuna uchafu ulionata ambao huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukitumiwa pamoja na maji ya shampuu, kabla ya polishi kugusa gari.

Tatu, tambua aina ya rangi. Kwenye magari ya Toyota, kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango huonyesha namba ya rangi. Namba 202 ni nyeusi tupu, wakati 209 ni nyeusi yenye chembe zinazometameta. Nyeusi tupu huonyesha mikwaruzo zaidi kwa kuwa haina chembe za kuificha. Aidha, kama kitambaa cha polishi kinageuka cheusi, huenda gari halina klia kabisa na unachosugua ni rangi yenyewe.

Fundi mwenye vifaa kamili atapima unene wa rangi kwa kipimo maalumu kabla ya kuanza. Sehemu iliyowahi kupakwa upya kwa kawaida huonyesha unene tofauti na nyingine.

Kazi yenyewe

Kanuni ya kwanza ni kuanza na polishi laini kuliko zote, kwenye eneo dogo la majaribio, na kupanda ngazi ikiwa tu matokeo hayaridhishi. Wanaoanza na kompaundi kali na sponji ya sufi huondoa klia nyingi bila sababu.

Mashine za mzunguko mmoja hukata haraka, lakini mikononi mwa asiye na uzoefu huunguza rangi na kuacha alama zenye ukungu zinazocheza juani. Mashine inayozunguka huku ikitikisika ni salama zaidi. Kingo za milango na mikunjo ya bati zibandikwe tepu ya karatasi, kwa sababu hapo klia ni nyembamba na huisha mapema. Plastiki nyeusi nazo zifunikwe, kwani polishi na nta zikikaukia juu yake huacha weupe usiotoka kirahisi.

Mmiliki awe mwangalifu na mng'ao wa siku tatu. Baadhi ya polishi zina mafuta na vijazio vinavyofukia mikwaruzo kwa muda, na baada ya kuosha mara mbili mistari yote hurudi. Kabla ya kulipa, mwombe fundi afute sehemu moja kwa alkoholi aina ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, kisha itazame juani. Kinachoonekana hapo ndiyo kazi aliyoifanya.

Kinga baada ya polishi

Rangi iliyopolishiwa isiachwe wazi. Nta ya asili iliyo maarufu ni karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 za Selsiasi na huipa rangi nyeusi kina kizuri, lakini kwa jua letu hudumu wiki chache tu. Kinga za kutengenezwa viwandani hudumu miezi kadhaa. Kinga za kauri, zenye asili ya silika, zinaweza kudumu miaka kadhaa zikipakwa kwenye uso uliosafishwa kikamilifu.

Hata hivyo, kinga ya kauri haizuii kokoto zinazorushwa barabarani wala haimwondolei mtu wajibu wa kuosha kwa uangalifu. Ikipakwa juu ya mikwaruzo, huifungia humo humo. Kipimo rahisi cha kinga yoyote ni maji. Yakisimama kama matone ya mviringo kwenye gari safi, kinga ipo. Yakitandaa, muda wa kupaka tena umefika.

Pale polishi isipofaa

Yapo magari ambayo paa na boneti zimeshatoa mabaka meupe na klia inabanduka kama ngozi iliyoungua. Hapo klia imekufa, na hakuna polishi wala nta itakayoirudisha. Anayeuza matumaini ya aina hiyo anamlaghai mteja. Sehemu hiyo hupakwa upya, na fedha zilizokusudiwa polishi zinafaa kuwekwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Kwa ambaye gari lake halijafika huko, hatua ya kwanza haihitaji fundi wala mashine. Ni kuacha kulifuta likiwa na vumbi kavu, kuanzia kesho asubuhi.