Max Linder: Mfaransa ambaye Chaplin alimwita profesa wake

Ukitaja vichekesho vya filamu zisizo na sauti, wengi wanamkumbuka Charlie Chaplin tu. Lakini Chaplin mwenyewe alikuwa na mtu aliyemwita profesa wake: Max Linder.

Jina lake halisi ni Gabriel Leuvielle, alizaliwa Desemba 16, 1883 Saint-Loubès, karibu na Bordeaux, Ufaransa. Wazazi wake walilima zabibu za mvinyo, yeye akakimbilia jukwaani. Mwaka 1905 akiwa Paris alianza kuigiza filamu za kampuni ya Pathé. Enzi hizo watu wa jukwaani waliidharau sinema, lakini hela ni hela. Mchana filamu, usiku jukwaani.

Kilichomtoa ni mhusika "Max": bwana wa kishua, kofia ndefu, fimbo, masharubu, halafu kila kitu kinamharibikia. Wenzake walichekesha kwa kuanguka na kukimbizana, yeye hata jicho lake lilitosha. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa kati ya waigizaji wa filamu waliolipwa zaidi duniani.

Vita ikamvuruga afya na akili. Mwishoni mwa 1916 kampuni ya Essanay ya Marekani ilimchukua azibe pengo la Chaplin, ila baada ya filamu tatu tu akarudi kwao.

Alipoenda tena Marekani alitoa *Seven Years Bad Luck* (1921). Humo mtumishi anavunja kioo kikubwa cha Max, na kuficha kosa, mpishi anavaa kama bosi na kuiga kila anachofanya akijinyoa. Max anashtukia mchezo, anarusha kiatu kwenye "kioo", kumbe kipya kimeshawekwa! Ndugu wa Marx walifanya mchezo kama huo kwenye *Duck Soup* mwaka 1933, na wengi wanadhani ni wao walioanza.

Mwishoni mwa Oktoba 1925, Max na mkewe Hélène walifariki Paris. Ilielezwa kuwa walikubaliana kujiua, ingawa wapo wasioamini kwamba mke aliridhia.

Walimwacha binti, Maud, mwenye mwaka mmoja na miezi. Huyu ndiye aliyekuja kuzisaka filamu za baba asiyemkumbuka, nyingi zikiwa zimeshapotea. Mwaka 1963 aliunganisha vipande vya filamu tatu za Marekani kuwa *En compagnie de Max Linder*, na 1983 akatoa filamu kuhusu maisha yake.

Hiyo ya kioo ipo mtandaoni, bure.