Chenga na kuchelewa: historia ya deni moja

Leo tuingie kwenye historia kidogo, maana kuna swali linalonikalia kooni kwenye mradi wangu. Ninaijenga Golbanti ya zamani katika 3D: ukingo wa Mto Tana, miembe, migomba, na kituo cha misheni ya Wamethodisti cha miaka ya 1880. Nataka mwanafunzi wa Garsen aweze kutembea humo kwa laptop ya mtumba isiyo na kadi ya michoro ya maana. Tatizo ni mwanga, hasa jua la jioni juu ya maji.

Mwanga wa kompyuta una maadui wawili. Wa kwanza ni chenga, zile punje unazoziona kwenye televisheni yenye antena mbovu. Wa pili ni kuchelewa: unabonyeza kitufe, picha inakuja baadaye. Nikiifuata historia naona hawa si maadui wawili. Ni deni moja. Ukilipunguza huku, linaongezeka kule.

Chenga zilivyozaliwa

Mwaka 1980 Turner Whitted wa Bell Labs alichora picha kwa kufuatilia miale ya mwanga kutoka jichoni hadi kwenye vitu. Picha yake maarufu, mipira miwili juu ya sakafu ya miraba, ilichukua dakika 74. Haikuwa na chenga, ila vivuli vyake vilikuwa vikali kama vimekatwa kwa wembe.

Mwaka 1984 Robert Cook, Thomas Porter na Loren Carpenter wa Lucasfilm wakaanza kurusha miale kwa kubahatisha. Vivuli vikalainika, na chenga zikaingia kwa mlango huohuo. Mwaka 1986 James Kajiya akaandika mlinganyo mmoja wa mwanga wote, pamoja na njia ya kuukokotoa kwa kubahatisha.

Hesabu yake haina huruma. Ukitaka chenga zipungue hadi nusu, rusha miale mara 4. Ukitaka zibaki robo, mara 16. Mwenye filamu anaiacha kompyuta ikeshe. Mwenye gemu la fremu 30 kwa sekunde ana milisekunde 33 tu kwa kila fremu.

Kupika mapema

Quake ya mwaka 1996 ililipa deni kabla ya safari. Mwanga wa kuta ulikokotolewa na mtengenezaji, ukahifadhiwa kama picha ndogondogo. Kompyuta ya mchezaji ilisoma tu. Chenga hakuna, kuchelewa hakuna. Gharama yake ni kwamba ukihamisha ukuta, kivuli chake kinabaki palepale.

Kukopa fremu zilizopita

Mwaka 2017 Christoph Schied na wenzake walionyesha chujio linalotumia njia moja tu ya mwanga kwa kila pikseli, kisha linachanganya na fremu zilizopita na pikseli za jirani. Mwaka 2018 Nvidia ikatoa kadi za RTX zenye sehemu maalumu za kufuatilia miale. Mwaka 2019 Quake II, gemu la 1997, likarudi na mwanga wa namna hiyo, likichujwa papo hapo.

Lakini tazama deni lilikojificha. Chukua wastani wa fremu 16: chenga zinabaki robo. Kwa fremu 30 kwa sekunde, huo ni zaidi ya nusu sekunde ya mambo yaliyopita. Zima taa, na mwanga wake unafifia polepole kama haujapata habari. Chenga zimegeuka kuchelewa.

Mwaka 2022 ikaja DLSS 3, inayobuni fremu kati ya fremu mbili za kweli. Mwendo unaonekana laini, lakini ili kubuni ya katikati ni lazima fremu mpya isubirishwe. Jicho linafurahi, kidole kinasubiri.

Golbanti je?

Gemu za 3D si ngeni kwetu. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi hapa Kenya mwaka 2007, miaka 11 kabla ya kadi za RTX. Kwa hiyo sioni sababu ya kumwambia mtoto wa Tana River asubiri kadi ghali ndipo aione historia ya kwao.

Nimeamua hivi. Jua, miembe na kuta za misheni napika mapema, kwa njia ya 1996, na miale naiacha irushwe usiku kucha kwenye mashine yangu. Mto nauchorea mandhari yaleyale kichwa chini, ujanja wa zamani usiobahatisha chochote. Saa ya jioni itakuwa moja tu, haisogei. Hilo ndilo deni nililokubali, na nalilipa mimi mtengenezaji. Mwanafunzi akibonyeza kitufe, hatua yake ije saa hiyohiyo.

Wewe ungelipa wapi? Tuelimishane. Tukutane tena wadau.