Siyu: Mji Mdogo Katika Historia ya Kalamu

Historia ya miji ya Waswahili aghalabu huandikwa kutoka bandarini. Kilwa, Mombasa, Lamu na Unguja hupimwa kwa wingi wa majahazi na bidhaa zake. Kwa kipimo hicho, Siyu katika kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, haina nafasi kubwa. Mji huo umekaa mwishoni mwa hori lenye mikoko, na vyombo huufikia maji yanapojaa. Riziki ya wenyeji wake ilitoka shambani na katika kazi za mikono. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba historia ya Kiswahili hupungukiwa iwapo miji ya namna hii itaachwa nje.

Mgeni afikapo Siyu huiona kwanza ngome ya karne ya 19, naye huondoka akiukumbuka mji kwa vita. Kumbukumbu hiyo ina msingi. Chini ya Bwana Mataka, wa ukoo wa Famau, Siyu iliukataa utawala wa Seyyid Said, na majeshi yaliyotumwa kuutiisha mji katika miaka ya 1840 yalirudi yameshindwa. Ni mwaka 1863, katika enzi ya Seyyid Majid, ndipo Siyu ilipotiishwa.

Hata hivyo, mji uliopigana ndio uliokuwa ukiandika. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, mafundi wa Siyu walinakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano juu ya karatasi iliyotoka Ulaya. Kazi hiyo ilihitaji mwandishi, mchanganya rangi na fundi wa ngozi wa kujalidi. Kwa hiyo elimu na ufundi vilitegemeana: palipokosekana fundi wa ngozi, kitabu hakikudumu.

Katika nyumba ya mtawala huyo ndimo alimoolewa Mwana Kupona binti Mshamu. Yapata mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Utendi huo husomwa mara nyingi kama mafunzo ya unyumba tu. Aghalabu husahauliwa kwamba mtunzi wake aliishi katika mji uliozingirwa na maadui, na kwamba mama anayeusia huku mauti yakimkaribia huchagua kwa uangalifu yale ya kuachwa. Aidha, lugha yake ni ya lahaja za kaskazini, ambamo nchi ni *nti* na njia ni *ndia*. Lahaja hizo zilibeba fasihi pevu kabla ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928.

Leo misahafu ya Siyu imetawanyika, mingine ikiwa katika makumbusho ya ng'ambo. Ngome imekarabatiwa, vitabu havikurudi. Mtafiti anayekwenda Siyu kutazama kuta pekee atarudi na nusu ya historia. Nusu ya pili imo katika maandishi yaliyobaki majumbani na katika msamiati wa wazee na mafundi, nayo haingojei: kila mzee azikwapo, ukurasa mmoja hufungwa.