Gari Analolijua Fundi

Nilikuwa na milioni 8.5 na mama mgonjwa. Fedha nilikuwa nimezikusanya kwa miaka minne ya kufundisha sekondari hapa Bariadi, nikaongezea mauzo ya pamba ya ekari mbili za familia. Mama alitakiwa kliniki Bugando, Mwanza, kila baada ya wiki tatu. Safari ya basi, pamoja na kusubiri Lamadi, ilikuwa inamrudisha nyumbani akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Nikaanza kutafuta gari.

Dalali alinionyesha mawili. La kwanza lilikuwa la Ulaya, jeusi, viti vya ngozi, namba D, na bei yake ilikuwa chini ya fedha niliyokuwa nayo kwa milioni nzima. La pili lilikuwa Toyota IST ya rangi ya fedha, namba C, bampa limekwaruzwa, redio haiimbi. Hiyo ingemaliza fedha yangu yote. Anayejua mtaani namba za magari ya Tanzania zinavyosomwa ataelewa kwa nini nililitaka lile jeusi. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho hueleza gari liliingia lini kwenye daftari la nchi: A imezeeka, B inafuata, C inaonyesha mvi, D bado ina heshima yake, E ni ya juzi. Nani aache D ya bei rahisi achukue C?

Nikampigia mjomba simu kumpa habari. Hakuuliza rangi wala bei. Aliuliza, "Spea utapata wapi?"

Nilidhani ni woga wa wazee. Nikaenda kwake Jumapili nikiwa na picha kwenye simu, nimejiandaa kubishana. Nilirudi jioni na historia ambayo sikuwahi kufundishwa darasani, ingawa mimi mwenyewe ni mwalimu wa Historia.

Mjomba alianza kazi akiwa utingo wa lori la pamba. Bariadi wakati huo ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na magari mengi yaliyoonekana hayakuwa ya mtu. Yalikuwa na namba za ST, mali ya serikali, au SU, mali ya shirika la umma. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua pamba ikabaki kwa Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, vita vikafuata, na mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda. Nchi ikaishiwa fedha za kigeni. Darasani huwa naandika hayo ubaoni kama orodha ya sababu za mdororo wa uchumi. Mjomba aliyaeleza kwa namna nyingine: lori zima, injini nzima, dereva mzima, limeegeshwa msimu mzima kwa kukosa matairi, na pamba ya watu imelala ghalani.

"Gari halikufa," alisema. "Lilikosa ndugu."

Mwaka 1984 ndipo mlango ulipoanza kufunguka. Katika bajeti ya mwaka ule, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa alizipataje. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Mjomba hakuwa na fedha za kigeni. Alikuwa na ng'ombe. Akauza sita, akanunua mnadani Land Rover chakavu iliyokuwa ya serikali. Hilo ndilo lilikuwa gari la kwanza katika ukoo wetu.

Nilimuuliza kwa nini Land Rover. Akanionyesha udongo. Huku kwetu sehemu kubwa ni mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu na masika hugeuka gundi. Gari dogo lisingetoka. Lakini sababu kubwa haikuwa nguvu za gari. Serikali, misheni na mashirika yalikuwa yameleta Land Rover kwa miongo mingi, kwa hiyo kila mji ulikuwa na Land Rover zilizokufa, na kila fundi alikuwa amejifunzia kwenye mizoga hiyo. Shafti ikikatika, ulitafuta mzoga. "Moja inakufa ili mbili ziishi," mjomba alisema. Alilitumia gari lile miaka kumi na tisa, akibeba mbegu, maiti, maharusi na wajawazito.

Kisha nikamuuliza: kama ni hivyo, Toyota zimetokea wapi?

Jibu lake halikutosha, nikaendelea kulitafuta mwenyewe. Sehemu moja ya jibu iko Japani. Huko kuna ukaguzi wa lazima wa magari unaoitwa shaken. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo huenda pamoja na bima na kodi ya uzito wa gari. Likizidi miaka 13, kodi hiyo huongezeka. Mjapani hufanya hesabu, akaona afadhali anunue jipya. La zamani, ambalo limeendeshwa kwenye lami nzuri na kukaguliwa kwa sheria, linatafutiwa nchi nyingine. Wajapani huendesha kushoto, nasi Waingereza walituachia kushoto. Usukani hauhitaji kuhamishwa. Hivyo sheria iliyotungwa Tokyo ikawa inaamua gari gani lipaki mbele ya duka la pembejeo Bariadi. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka 8; Tanzania haizuii, ila hutoza ushuru wa uchakavu, na watu hulipa.

Sehemu ya pili ya jibu iko hapa hapa. Simiyu ikawa mkoa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu, na watumishi wenye mishahara wakaongezeka. Januari 2017 Rais Magufuli alizindua barabara ya lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita zipatazo 72. Mwaka huo huo bajeti ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Kabla ya hapo, aliyenunua gari la mkononi aliweza kununua pamoja nalo deni la miaka ya ada ambayo mwenye gari hakulipa. Lami na bajeti hiyo viliruhusu gari dogo kuishi Bariadi. Michomoko ikaanza kupishana na mabasi, na mafundi waliozoea Land Rover wakaanza kufungua injini za Toyota.

Hapo ndipo nilipoelewa IST. Ilianza kutengenezwa mwaka 2002, na toleo lake la kwanza likaisha 2007. Nyingi zina injini ya 1NZ ya lita 1.5, au ndugu yake 2NZ ya lita 1.3. Injini hiyo ya 1NZ iko pia kwenye Probox, Raum, Spacio, Fielder na baadhi ya Vitz. Haitumii mkanda wa taimingi unaohitaji kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa, inatumia cheni. Fundi aliyejifunza 1NZ moja amejifunza magari sita. Duka la spea likiweka pampu yake ya maji, limewawekea wateja wa magari sita. Bei yake ndogo ya kulihudumia haikutoka kiwandani peke yake. Ilitengenezwa na wingi wetu, kama wingi wa mizoga ulivyoitengeneza Land Rover ya mjomba.

Sisemi gari la Ulaya ni baya. Huko lilikotoka lina mafundi wake na maduka yake. Ila lilikuwa limevuka bahari bila ndugu.

Nilimwomba fundi aje naye alfajiri kwa mwenye IST, kabla injini haijawashwa, maana gari lililopashwa moto huficha mengi. Alifungua kifuniko cha oili akaangalia kama kuna ute mweupe wa maji. Akavuta kijiti cha oili ya giaboksi akainusa kama imeungua. Aliponiambia niwashe, alisimama nyuma kuangalia moshi. Akalinganisha namba ya chasisi na kadi. Kilomita za kwenye dashibodi hakuziangalia kabisa. "Hizo mwalimu watu huzirudisha," alisema. "Angalia pedeli ya breki ilivyolika."

Nililipa yote. Nilibaki na fedha ya mafuta na ya kuhamisha umiliki TRA.

Mwezi wa tatu tulikuwa njiani kwenda Bugando, mimi na mama, saa kumi na mbili asubuhi. Tukikaribia Lamadi, lori lililokuwa mbele yetu lilirusha jiwe, likapenya grili na kutoboa rejeta. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilizima injini, nikashuka, nikaona maji ya kijani yanatiririka kwenye lami. Miadi ya mama ilikuwa saa tano. Nilisimama pale nikiwaza milioni 8.5, na pia lile gari jeusi, na kwamba yote yangekuwa sawa tu sasa hivi.

Mchomoko ulisimama. Dereva alitazama chini ya boneti, akasema, "Hii tunayo," akapiga simu. Tukavutwa kwa kamba hadi Lamadi. Fundi mmoja kijana alishatoa rejeta ya mtumba kwenye gunia kabla sijamaliza kueleza. Alifunga, akajaza maji, akaacha injini ingurume huku akigusa bomba la juu kwa kiganja. Dakika hamsini.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mama lishe, anakunywa uji. Alipopanda tena aliuliza, "Mwanangu, huyu kijana unamfahamu?"

"Hapana, mama."

"Mbona alijua kitakachotakiwa?"

Sikumjibu vizuri, nilikuwa naangalia mshale wa joto. Tulipita Magu, ukabaki katikati. Saa tano kasoro dakika kumi nilikuwa namshika mkono kumshusha mbele ya kliniki.