Kutoka kabureta kwenda nozeli: uchague kontroli boksi gani?

Kontroli boksi ni kompyuta inayosoma hewa, joto na mzunguko wa injini, kisha kuamua nozeli zimwage petroli kiasi gani. Ukiacha kabureta, una njia mbili.

Ya kwanza ni boksi la injini kama yako iliyotoka kiwandani na nozeli. Linunue pamoja na waya na sensa zake zote.

Ya pili ni boksi la kupangwa, kama MegaSquirt au Haltech. Hili haliijui injini yako mpaka fundi alipange kwa kompyuta. Akikosea, petroli ikapungua, pistoni huweza kuyeyuka.

Pampu ya kabureta nayo haitoshi. Nozeli nyingi hutaka msukumo wa karibu ba 3.

Ukiwa Mugango, kabla ya kulipa uliza: fundi wa kulipanga yupo Musoma, au ni mpaka Mwanza? Kama hayupo, chagua njia ya kwanza au baki na kabureta.