Mabanio na Gololi: Sayansi ya Maji Mbele ya Umma wa Usangu

Mji mdogo wa Chimala, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, umekaa mahali ambapo milima ya Kipengere inakoma ghafla na uwanda wa Usangu unaanza, na mto wenye jina la mji huo hushuka kutoka milimani, hukatiza barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kisha hugawanywa na wakulima wa mpunga kabla maji yake hayajaufikia mto Ruaha Mkuu. Mito ya jirani yake, Kimani, Mbarali, Mkoji na Ndembera, ina mkasa unaofanana na huo, ndiyo maana historia ya maji ya Usangu ni pia historia ya mabishano kuhusu nani anaujua mto, na kwa njia gani ujuzi wa wataalamu ufike kwa watu wanaoishi kandokando yake.

Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilianzishwa huko na walowezi wa Kibaluchi katika miaka ya 1930 na 1940, kikaenea kwa wakulima wadogo, na baadaye yakafuata mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga. Kiungo chake ni banio, yaani kizuizi kinachokingamishwa mtoni ili kupandisha maji na kuyaelekeza mferejini. Banio la jadi lilikuwa la magogo, mawe, majani na udongo. Lilivuja, lilibebwa na mafuriko kila masika, na wenyewe walilisimamisha tena maji yakipungua. Uvujaji huo ulionekana kuwa kasoro, na mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1996 ulisaidia kujenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Kumbe kilichoitwa kasoro ndicho kilichowapa maji watu wa chini, kwa kuwa lango la chuma linaweza kuukausha mto mwembamba wa kiangazi bila kubakiza hata mchirizi, jambo ambalo banio la majani halikuliweza kamwe.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kwa kuwa miaka hiyo ilikuwa pia ya mgawo wa umeme, watu waliunganisha mambo hayo mawili wakaona kwamba bwawa la Mtera, linalohifadhi maji ya mitambo ya Mtera na Kidatu, limepungua kwa sababu ya uharibifu wa Usangu, na lawama nyingi zikawaangukia wafugaji na ng'ombe wao katika Ihefu, ardhioevu ya kati ya uwanda. Utafiti wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 1998, ulifikia hitimisho jingine: mto ulikuwa unakauka kwa sababu maji yalichotwa mno na mifereji wakati wa kiangazi, wala si kwa sababu ya mifugo; tena Mtera hujazwa na maji ya masika, kwa hiyo kukatika kwa mto wakati wa kiangazi hakukutosha kueleza giza la majumbani.

Elimu kama hii hufikishwaje kwa umma? Njia iliyozoeleka ilikuwa ile iitwayo kuelimisha wananchi, yaani mkutano wa hadhara ambapo mtaalamu husema na wanakijiji husikiliza. Kitenzi chenyewe kinafichua mawazo yaliyo nyuma yake, kwani kinamchukulia msikilizaji kama chombo kitupu, ilhali mkulima aliyelala mferejini usiku akilinda zamu yake ya maji ana hesabu za mto ambazo hazimo katika daftari lolote la vipimo. Mradi wa RIPARWIN, ulioanza mwaka 2001 ukiwakutanisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Chuo Kikuu cha East Anglia na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji, ulijaribu njia nyingine: mchezo wa bonde la mto, uliobuniwa na Bruce Lankford. Ulikuwa ubao wa mbao ulioinamishwa, wenye mto uliochongwa katikati na mashamba ya vishimo pembeni. Gololi za kioo, zikiwa ndizo maji, ziliachiwa juu zishuke, na kila mchezaji aliweka kijiti kukingama mto ili kuzinasa na kujaza vishimo vyake. Wa juu walishiba na wa chini walibaki na vishimo vitupu. Duru ya kwanza kila mmoja alijichezea mwenyewe. Baadaye washiriki walitafuta namna ya kugawana, wakiongozwa zaidi na walichokuwa wamekiona kwa macho kuliko na maneno ya mtaalamu. Uzuri wa ubao huo ni kwamba mtu wa juu aliweza kukaa chini na kuionja kiu ya jirani yake, jambo ambalo hotuba haiwezi kulifanya.

Hata hivyo mchezo huo ulikuwa na mpaka wake. Ulimgusa anayefungua na kufunga lango, lakini hukumu kubwa kuhusu Usangu zilitolewa mbali na mfereji. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006, ripoti za watafiti zikiwa zimeshatoka, wafugaji walianza kuondolewa Usangu pamoja na makundi yao, na mwaka 2008 Ihefu iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Wanaojadili ushirikishaji wa umma katika sayansi huuweka umma huo kijijini, kana kwamba ofisini hakuna anayehitaji kufundishwa. Katika suala la Usangu, aliyekuwa mbali zaidi na matokeo ya utafiti hakuwa mkulima wa mpunga.

Ng'ombe waliondoka, malango ya chuma yakabaki mtoni, na viangazi vilivyofuata Ruaha Mkuu uliendelea kukatika, hata mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akaunda kikosi kazi cha kuunusuru.