Tafuta "Lumbwa", Usitafute "Kipsigis"

Ukiandika "historia ya Kipsigis" kwenye simu, utaletewa wanariadha, orodha za koo na video za harusi. Futa, uandike "Lumbwa". Sasa zinakuja ripoti za wakuu wa wilaya, ramani na matangazo ya serikali ya kikoloni. Watu ni walewale, vilima ni vilevile. Ila hilo ndilo jina ambalo serikali ya Mwingereza iliwabandika Wakipsigis, na karani akaligonga kwa taipureta kwenye kila faili.

Mchezo ni huohuo na majina mengine. Bomet iligawanywa kutoka Kericho mwaka 1992 tu, kwa hivyo anayetafuta "Wilaya ya Bomet" ya miaka ya 1930 atatoka mikono mitupu na bando limeisha. Ajaribu Sotik, Buret, au Kericho yenyewe. Na orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai, kwenye karatasi za serikali anaitwa "Laibon", neno walilolibeba kutoka kwa Wamaasai. Uvivu wa karani, na sisi ndio tunaoulipia hadi leo.

Kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu yale mashamba ya kijani unayopita ukielekea Kericho, yaliyopunguzwa sawasawa kama nywele za kinyozi, yana makaratasi yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilikata ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis ikawapa maafisa wa jeshi la Uingereza waliorudi vitani na majeraha. Mpango huo uliitwa BEADOC, na zao lao halikuwa chai, lilikuwa kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafilisika mapema miaka ya 1920. Hapo ungetarajia ardhi irudi kwa wenyewe. Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaingia, Brooke Bond na African Highlands ya James Finlay, na chai ikapandwa.

Kisha 1934 ikapitishwa sheria nzima kwa ajili ya ukoo mmoja: sheria ya kuwaondoa Malaibon. Talai wapatao 700, wazee kwa watoto, walihamishwa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Waliruhusiwa kurudi 1962. Waliporudi, ardhi ilikuwa na wenyewe wapya.

Sasa, haya yote ukiyasimulia kwenye matatu, kuna mtu atakuuliza: ushahidi uko wapi? Ni swali la haki, na siku hizi unaweza kulijibu bila nauli ya Nairobi. Gazeti Rasmi la Kenya, kuanzia 1899, limeskaniwa na kuwekwa Google Books, bure. Linachosha kusoma, sikufichi, lakini humo ndimo serikali ilimotangaza nani kapewa kipande gani cha ardhi. Mijadala ya Bunge la Uingereza tangu 1803 iko wazi pia, na unaweza kutafuta neno moja tu ukaona ni mbunge gani aliuliza nini. Tume ya Ardhi ya Carter ilitoa ripoti yake mwaka huohuo wa 1934, pamoja na vitabu vya ushahidi, wa wenyeji na wa walowezi. JSTOR hukuruhusu kusoma makala kwa idadi fulani kila mwezi bila kulipa, mradi ufungue akaunti. Tasnifu nyingi za Chuo Kikuu cha Nairobi ziko kwenye hazina yake ya mtandaoni, na hapo utakuta watafiti waliokaa na wazee wa Kericho kabla hujazaliwa.

Lakini usidhani kila kitu kimefika mtandaoni. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London ililazimisha Uingereza kukiri kwamba ilikuwa imeficha faili za makoloni 37 mahali paitwapo Hanslope Park. Za Kenya peke yake zilikuwa kama 1,500. Leo ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, chini ya alama FCO 141. Orodha yake unaisoma ukiwa Litein. Faili zenyewe, nyingi, bado zinataka mtu akae kwenye meza kule London. Na miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Syracuse kule Marekani kilipiga filamu ndogo za ripoti nyingi za wilaya zilizo kwenye Hifadhi yetu ya Nairobi. Kwa miaka mingi, basi, mwanafunzi wa jimbo la New York alikuwa na njia fupi ya kufikia ripoti za Kericho kuliko mwanafunzi wa Kericho.

Si mambo ya zamani haya. Tume ya Taifa ya Ardhi ilichapisha uamuzi wake kuhusu madai ya Kericho na Bomet kwenye Gazeti Rasmi mwaka 2019. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza 2021, na Agosti 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Madai kama hayo husimama juu ya karatasi: tarehe, ekari, sahihi.

Karatasi zenyewe, hata hivyo, ziliandikwa na waliohamisha. Zitakuambia sheria ilipitishwa lini. Namna watu walivyolala usiku wa kwanza Gwassi, au ng'ombe wangapi waliofia njiani, hilo linajulikana na waliokuwa watoto wakati ule, ambao sasa wana miaka tisini na zaidi. Ukimpata mmoja, washa kinasa sauti cha simu, na anza kwa kumwomba akutajie majina. Akitamka la babake, liandike kwa kila namna ambayo karani Mwingereza angeweza kulikosea, kisha urudi kwenye Gazeti ukalitafute.